Kidato Kilichokatika, na Mambo Mengine Tunayoyaweka hadi Kesho



Masomo ya jarida letu aghlabu huwa juu ya maradhi ya mikarafuu, upandaji wa miche, au namna ya kuanika. Mara hii tumeona ni kheri tuseme juu ya mambo madogo madogo ambayo kila mwenye shamba anayajua, hahitaji bwana shamba kuja kumfundisha, na juu ya hivyo yanabaki pale pale mwaka hadi mwaka. Kidato cha ngazi kilichokatika. Jamvi lililotoboka katikati. Mtaro uliozibwa na majani. Mche uliomo katika mfuko wake wa plastiki ukutani tangu masika ya mwaka juzi. Salio la ujira wa mchumaji lililosemwa "nitakuletea", na mwenye kudai amechoka kuuliza.

Ofisi yetu hupokea barua na simu nyingi za wanachama, na nyingi katika hizo ni za haki, nasi twajitahidi kuzishughulikia. Lakini ziko nyingine. Mwanachama mmoja, ambaye hatutamtaja, naye akisoma hapa atacheka, alituletea barua ya kurasa 3, hati yake nzuri kabisa, akitaka chama kimwite jirani yake juu ya mtaro uliozibika baina ya mashamba yao mawili. Tulikwenda kuutazama. Urefu wake haukupita hatua 20. Mtu mmoja mwenye jembe angeanza baada ya chai ya asubuhi na kumaliza kabla ya adhuhuri. Kuiandika ile barua, kuinakili kwa wino na kuipandisha gari hadi mjini kulichukua muda mkubwa zaidi. Na yule jirani, tulipomuuliza, alisema kuwa yeye naye anangoja mwenziwe aanze. Mvua za masika mbili zilikuwa zimepita juu ya kungojana huko, na udongo mzuri wa juu, ule mweusi, umekwisha kuteremka bondeni kwa mtu wa tatu ambaye hana habari ya lolote.

Basi kwa nini mtu mwenye akili zake, mwenye bidii, anayeweza kukesha siku 3 katika kuchambua karafuu, hushindwa na kazi ya nusu saa? Sisi twaona sababu ni huo udogo wenyewe. Jambo kubwa halimngoji mtu. Paa likiezuliwa na upepo hakuna anayesema atalitazama mwezi ujao. Jambo dogo halina makelele, hukaa kimya, na jicho hulizoea. Siku ya kwanza ukiona jamvi limetoboka moyo hukuuma. Siku ya kumi unalipita. Mwezi wa tatu tundu lile limekuwa sehemu ya jamvi, na mgeni akikuonyesha unashangaa kuwa yeye ameliona.

Na hapa hatuna budi kusema juu ya neno letu tukufu ambalo siku hizi tunalitumia vibaya. Katika Sura ya Al-Kahf, aya ya 23 na ya 24, tumekatazwa kusema juu ya jambo lolote kwamba tutalifanya kesho bila ya kulifungamanisha na kutaka kwake Mwenyezi Mungu. Maneno hayo yamemwelekea mtu aliyekwisha kutia nia, aliyekwisha kukusudia kuamka na kwenda, ili ajue kuwa nguvu zake si zake. Sisi tumeligeuza neno hilo likawa la kumwondoshea mtu mlangoni. Fundi anaulizwa lini ataleta kabati, anajibu "inshallah", na aliyeuliza na aliyejibu wote wawili wanajua kuwa kabati halitakuja. Tena imepokewa na Tirmidhi kwamba mtu mmoja alimuuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, je, amwache ngamia wake wazi na kumtegemea Mungu, au amfunge? Akaambiwa amfunge, kisha ategemee. Kamba kwanza.

Wengine watatujibu kwa methali, kuwa haraka haraka haina baraka. Ni kweli, lakini methali hiyo anaambiwa mtu aliyekwisha kuishika kazi, asije akaiborunga. Aliyelala chini ya mwembe haimhusu. Kwake yeye wahenga walikuwa na nyingine, ile ya ufa na ukuta, na kila mmoja wetu aliisoma skuli.

Tuanze na ngazi, kwa kuwa ndani yake mna roho ya mtu. Mkarafuu ukiachwa wenyewe hupanda juu sana, hata kupita mita 10, na matawi yake ni membamba na huvunjika upesi. Na vikonyo vya karafuu havikai karibu na shina. Viko nchani mwa matawi, mahali ambapo mchumaji analazimika kujinyoosha. Kila mtu wa kisiwa hiki anamjua mtu aliyeanguka mkarafuu. Wengine wamekufa, na wengine wamevunjika uti wa mgongo wakabaki kitandani, na watoto wao wakaacha masomo. Hatusemi kuwa kila aliyeanguka aliangushwa na ngazi mbovu, maana tawi nalo hukatika, na utelezi wa mvua upo. Lakini tawi si kazi ya mikono yetu, na ngazi ni kazi ya mikono yetu.

Tuseme ngazi yako ina vidato 12, na cha 5 kimekatika msimu uliopita. Wewe mwenyewe huna taabu nacho. Mguu wako umekwisha kujua. Ukifika cha 4 unauinua juu zaidi, unakanyaga cha 6, wala hufikiri. Mwanao naye amejua. Mwaka wa pili hata hukumbuki kuwa kimekatika, kwa sababu mguu ndio unaokumbuka, na kichwa kimepumzika. Sasa msimu umepamba moto, karafuu zinataka kufunguka, watu hawatoshi, nawe unaajiri vijana 4 waliokuja kutoka wilaya nyingine kutafuta riziki. Kijana anapanda hana neno, amefunga kikapu chake kiunoni. Wakati wa kupanda anaona, anaruka. Wakati wa kushuka amebeba mzigo, uso ameuelekeza kwenye mti, jua la saa nane limo machoni, na mguu wake unashuka kutafuta kidato cha 5.

Kuna mwenye shamba atakayesema kuwa mchumaji na aje na ngazi yake. Wako wanaofanya hivyo, na ikiwa ndiyo mapatano basi yawe mapatano tangu mwanzo. Ila sisi hatuoni kuwa maneno hayo yanamwondolea mwenye shamba dhima, maana ni yeye aliyemwita mtu, na ni karafuu zake zinazochumwa. Ngazi inayosimama katika shamba lako ni yako, hata ikiwa imeletwa na mwingine. Itazame.

Kazi yenyewe ni ndogo mno. Unataka kipande cha mti mgumu usio na nyufa, shoka dogo au panga la kuchongea, na msumari au kamba ya kufungia pande zote mbili. Kitu kimoja tu tunapenda kukumbusha, kwani tumeona watu wakikifanya: usikifunge kidato kilichokatika kwa kitambaa au kipande cha mpira na kukiacha pale pale. Hicho ni kibaya kuliko kidato kisichokuwapo, maana kinamdanganya mtu. Ama ukitengeneze, ama ukiondoe chote na ngazi uiweke kando hadi siku utakayopata mti.

Na kamba vile vile. Kamba ya mnazi ikikaa ghalani penye unyevu huoza kuanzia ndani, na nje ikabaki nzuri. Ifumue kidogo kwa vidole viwili, utazame nyuzi za katikati. Zikiwa nyeusi na zinakatika ukizivuta, isitumike tena kumfungia mtu, itumike kufungia mbuzi. Kamba ya nailoni haiozi, lakini jua huikausha, ikawa ngumu na kutoa vumbi jeupe ukiipinda. Hiyo nayo imekwisha kazi. Uchunguzi huu wote hauchukui muda wa kunywa kikombe cha kahawa, na wakati wake ni sasa, wakati miti haina kitu. Ukingoja siku ya kuchuma utamkuta kila mtu anakuvuta nguo na hutatazama lolote.

Tuje kwenye majamvi. Karafuu mbichi, kama mjuavyo, kilo 3 hukauka zikawa kiasi cha kilo 1. Kwa hivyo kila kilo inayoharibika wakati wa kuanika ni kilo iliyokwisha kugharimiwa mara tatu, katika kuchuma, kubeba na kuchambua. Jua likiwa zuri zitakauka kwa siku 4 au 5, na mawingu yakiwapo zitazidi siku hizo. Mwenye majamvi mabovu hutoa kisingizio kuwa sakafu ipo, au lami ya barabara ipo. Lakini karafuu iliyoanikwa barabarani huokota mchanga, mafuta ya gari na mambo mengine tusiyopenda kuyaandika, na mnunuzi aliye ng'ambo anaijua kwa pua kabla ya kuitia mkononi. Sifa ya karafuu zetu ilijengwa na watu walioanika juu ya majamvi safi, na sifa hiyo haiwezi kununuliwa dukani.

Ubaya wa jamvi bovu, hata hivyo, haumo katika tundu peke yake. Umo katika usiku. Mwenye majamvi ya kutosha huchambua karafuu zake jioni ile ile, na asubuhi zinatoka juani. Mwenye majamvi 2 na karafuu za majamvi 5 huziacha zilizobaki katika magunia au chungu ukutani, akisema zitangoja. Hazingoji. Karafuu mbichi zikirundikwa hupata moto ndani yake, huvunda, na zikija kukauka huwa nyepesi, zimekunjana, rangi yake imekwajuka. Daraja ya kwanza imekwenda. Mtu huyo atarudi kutoka kituoni akilalamika kuwa mpimaji amemwonea, na huenda mara nyingine mpimaji anakosea, hatukatai. Lakini safari hii dhulma ilianzia katika miyaa ambayo haikukatwa mwezi ule ilipokuwa rahisi kuipata. Kina mama wanaosuka ukili wanajua kuwa jamvi halisukwi kwa siku moja. Anayelitaka msimuni aanze kulitafuta kabla ya msimu.

Turubai la kufunikia mvua likitoboka, mambo ni hayo hayo, hatuna haja ya kurefusha.

Jambo la mche lina hesabu yake, na tunaomba mwenye kusoma aifanye pamoja nasi. Ukipanda mikarafuu futi 30 kwa futi 30, eka moja huingia miche 48. Sasa nenda katika shamba lako, hesabu iliyosimama, kisha hesabu mapengo. Mkarafuu huanza kuzaa ukiwa na miaka 6 hadi 8, na huchukua miaka mingi zaidi kufika katika nguvu zake. Mtu huona kuwa kuuacha mche mwaka mmoja zaidi katika mfuko ni kupoteza mwaka wa mche mdogo, usio na faida yoyote. Sivyo ilivyo. Mwaka unaoupoteza ni mwaka wa mwisho wa hesabu, yaani msimu mmoja mzima wa mti mkubwa, ambao wewe au mwanao mngeuchuma. Ukiacha masika 3 zipite, ni misimu 3. Na juu ya hayo, mizizi ya mche uliokaa sana katika mfuko hujizungusha ndani kama kamba iliyokunjwa, na hata ukija kuupanda baadaye haushiki vizuri.

Wazee wetu walijua kungoja mti. Tufani ya mwaka 1872 iliiangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na Pemba ikanusurika kwa kiasi kikubwa. Tangu hapo kisiwa chetu ndicho kilichoibeba biashara hii. Miti hiyo haikuota wenyewe. Kila mmoja ulichimbiwa shimo na mtu ambaye alijua kuwa hatakula kesho yake. Sisi leo tunachuma katika miti mingine iliyopandwa na watu ambao makaburi yao hatuyajui, na mkarafuu mmoja ukifa, tunaliacha pengo mpaka majani yanalifunika, halafu tunasema Serikali ilete miche. Miche inaletwa. Ukizunguka vijiji vya Wete na Mkoani utaiona nyuma ya majiko, imekauka katika mifuko yake.

Tahadhari moja: tunaposema msikawie, hatusemi mpande leo. Mwenye kupanda mche wakati wa kaskazi, jua kali na ardhi imepasuka, anaua. Kungoja masika ni kungoja kwa haki. Lakini aliyengoja kwa haki utamjua, maana ana tarehe, na shimo lake lina futi 2 kwenda chini limekwisha kuchimbwa na kutiwa samadi, na mgomba wa kivuli uko kando. Ukimuuliza "lini?" anakujibu. Asiyekuwa na jibu hangoji chochote.

Sasa tunafika katika jambo ambalo ndilo hasa lililotufanya tuandike somo hili, nalo wengi hawalihesabu kuwa dogo. Ni mashamba ya urithi yasiyogawanywa. Tunasema ni dogo kwa sababu hatua yake ya mwanzo ni ndogo mno, kama tutakavyoonyesha. Ni hatua ya pili na ya tatu ndizo zenye uzito, na watu huziogopa hizo wakaiacha na ile ya mwanzo.

Mzee anafariki, ameacha mikarafuu 60, watoto 7 na mjane. Matanga yanakwisha. Mtu hapendi kutaja mali mapema, ataonekana ana tamaa. Unapita mwaka. Mkubwa wao yuko Dar es Salaam, mmoja yuko Mombasa, mmoja Maskati, na waliobaki kijijini wanachuma na kugawana kwa kukadiria. Hapo hapana ugomvi bado. Lakini tazameni shamba lenyewe. Nani atapalilia? Yule aliyeko kijijini anasema, nikipalilia mimi, watakula wote. Walioko mbali wanasema, wenzetu walioko ndio wanaofaidi, basi wao na wapalilie. Kila mmoja ana hoja, na hoja zote ni nzuri, na magugu yanapanda hadi kiunoni. Mkarafuu unaovunjwa matawi kwa pupa wakati wa kuchuma hupata kidonda, na kidonda kisichokatwa vizuri huingiwa na kuvu, tawi likaanza kukauka kutoka nchani kurudi nyuma. Katika shamba la mwenyewe tawi hilo hukatwa chini ya palipougua. Katika shamba la wote halikatwi na mtu. Tumeyaona mashamba ya namna hii mengi kuliko tunavyopenda kusema, na mtu anaweza kuyajua kutoka barabarani bila ya kuuliza jina.

Kisha wale 7 nao wanaanza kufariki, na kila mmoja anaacha wake. Baada ya miaka 30 warithi ni 40, wengine hawajuani kwa sura. Hapo ndipo panapokuja mahakama, na maneno ambayo ndugu hawakutakiwa kuambiana.

Tena kwetu sisi kuna jambo linalozidisha uzito, nalo ni kuwa ardhi na mti vinaweza kuwa vya watu wawili mbalimbali. Mikarafuu 5 iliyo katikati ya shamba la fulani huenda ni ya shangazi, alipewa na babu kwa mdomo, na mnazi ulio kando ni wa jirani. Habari hizo haziko katika karatasi yoyote. Ziko katika kichwa cha mzee mmoja, au bibi mmoja, anayeketi barazani kila jioni na ambaye mnapita mkimwamkia "shikamoo" na kuendelea na safari zenu. Siku atakapozikwa, zitazikwa naye.

Ile hatua ndogo ya mwanzo, basi, ni hii. Chukua daftari na kalamu. Mwendee mzee huyo huku kuna jua, ukiwa na ndugu yako mmoja asije mtu akasema umebuni, umchukue shambani polepole, au akiwa hawezi kutembea umwambie akueleze akiwa amekaa. Andika: mti gani ni wa nani, alipewa na nani, mpaka unapita kwenye kitu gani. Kisha andika majina ya warithi wote walio hai na wa marehemu, na mahali walipo. Msome mbele yake alichosema, na mashahidi watie saini zao. Hujamgawia mtu chochote. Hujamdai mtu chochote. Lakini siku mtakapokaa kitako kugawana kwa sharia, mbele ya sheha, au Kadhi, au Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, kazi yenu itakuwa imekwisha nusu. Walioko ng'ambo siku hizi wana simu. Picha ya ukurasa ule itawafikia kabla ya magharibi. Kila aliyejaribu njia hii katika wanachama wetu ametwambia kuwa kilichokuwa kizito ni kulitoa neno la kwanza mdomoni, na kwamba ndugu wengine walikuwa wanangoja mtu alitoe.

Nani wa kulitoa? Mara nyingi tunaulizwa hivyo, na mwenye kuuliza hutarajia tumtaje kaka mkubwa. Sisi twasema ni yule aliyeuliza. Aliyekwisha kuliona jambo, limekwisha kuwa lake.

Juu ya madeni madogo ya wachumaji tutasema kwa ufupi, maana hapana la kufundisha. Mchumaji hulipwa kwa kipimo, na shilingi chache zinazobaki kwa kukosa chenji huwa hazimsumbui mdaiwa. Yeye zinamsumbua. Msimu ujao atakwenda kwa mwingine, na atawaeleza wenziwe sababu. Katika kisiwa hiki wachumaji hawatoshi kila inapokuwa mavuno makubwa, na wenye mashamba wanaolia kuwa hawapati watu wangefaa wajiulize kwanza kama kuna kijana anayewapita njiani akageuza uso.

Tunapendekeza kila mwanachama, mara baada ya msimu, azunguke shamba lake siku moja na daftari, asichukue panga. Panga litamfanya ashike kazi ya kwanza atakayoiona na asifike mwisho wa shamba. Kila anachokiona kibovu akiandike, na kando yake aandike nani wa kukitengeneza. Hapo ndipo penye faida. Mtu akilazimika kuandika jina hawezi tena kuandika "watu" au "chama" au "Serikali". Lazima awe fulani, na katika mambo 10, yeye mwenyewe atakuwa katika 7 au 8. Yanayobaki ndiyo ya jirani, au ya bwana shamba, au yetu sisi, na kwa hayo tuko tayari kuja, wala hatutasema inshallah ya mlangoni.

Tunajua si kila mwanachama ana nguvu. Wako wazee, wako wajane, wako kina mama ambao waume zao wako safarini na shamba liko mikononi mwao. Kwao kufanya si lazima kuwe kwa mkono wao. Kumwita kijana, kumwonyesha kidato, kumpa chai na ujira wake, ni kufanya. Na wako wasio na fedha. Hao tunawaomba waanze na yasiyotaka fedha, nayo ni mengi: mtaro, magugu, kiota cha maji moto juu ya mti, ile ziara ya barazani kwa bibi.

Chama kimepatana na fundi seremala kutengeneza ngazi za wanachama katika mwezi unaotangulia masika, na kila tawi litapewa siku yake. Katibu wa tawi atawajulisha. Mwanachama atalipa gharama ya mti na misumari tu. Asiyeweza kuichukua ngazi yake hadi tawini apime urefu wa kidato kwa kamba, afunge fundo mwisho wa kipimo, na atume kamba hiyo kwa mtu anayekwenda. Kidato kitachongwa na kurudishwa kwa gari la jioni. Tafadhali andikeni jina kwenye kipande cha karatasi na kukifunga pamoja na kamba, kwani msimu uliopita tulipata kamba 3 zisizo na wenyewe, na bado ziko ofisini.